Kolektere ya Nne

Pikapu ya Swedi ilisikika mtaani Kapata kabla haijaonekana. Ilikuja na kelele ya aibu, kelele ya gari lililopasuka bomba, na majirani wa mstari mzima wakatoka milangoni kutazama linakwenda kwa nani. Walijua linakwenda kwa nani. Badibanga naye alijua. Alikuwa amesimama uani kwake, koleo mkononi.

Hiyo ilikuwa kolektere ya tatu. Kolektere ni lile bomba lenye miguu minne linalofungwa ubavuni mwa injini ili kukusanya moshi na kuupeleka nje. Kwa gari la kawaida fundi yeyote angeitengeneza ikadumu. Lakini Swedi hakutaka gari la kawaida. Alikuwa amepata turbo ya lori lililokufa, akaamua ifungwe kwenye pikapu yake, apande vilima vya Fungurume na samaki wa ziwa la Nzilo mgongoni, afike soko la Likasi wenzake wangali njiani wanasukuma. Samaki hangoji mtu. Sasa turbo huzungushwa na ule ule moshi, kwa hiyo kolektere ndiyo inayoibeba, na turbo ni nzito kama jiwe la kusagia, na moto wake unafanya chuma kiwe chekundu. Kolektere ya kwanza ilidumu safari sita. Ya pili ilidumu nne. Ya tatu, ambayo Badibanga aliitengeneza kwa chuma kinene kuliko zote na kujisifia mtaa mzima, ilikuwa imetoka juzi tu.

Swedi akashuka, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma, uso umejaa vumbi jekundu. Badibanga akafungua kinywa amsalimu. Ndipo mlango wa pili ukafunguka, na mguu wa mama mzee, umefungwa kitenge cha kijani, ukaanza kutafuta ardhi.

Badibanga alitupa koleo akakimbilia nyuma ya nyumba.

Usimcheke. Kwa Waluba mama mkwe hatazamwi usoni. Hamli sahani moja, hampishani kwenye njia nyembamba, hampigi soga. Ukimwona anakuja, unapinda. Ni heshima, wala si chuki. Badibanga alikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa, na sura ya Mama Ngalula aliijua kwenye picha ya harusi tu. Na leo Mama Ngalula alikuwa amesimama uani kwake na mafurushi mawili. Miguu ilikuwa imemchoka, nyumba yake ya Likasi ameifunga, amekuja kukaa kwa binti yake Mianda. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwandikia kwamba huko kwa binti yake hakuna tena nyumba.

Maana hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mwaka ule wa themanini na saba kampuni ya mgodi ilipunguza watu, na jina la Badibanga, mchomeleaji kwa miaka kumi na tisa, lilikuwa kwenye karatasi. Nyumba za Kapata ni za wafanyakazi. Asiye mfanyakazi anatoka. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Swedi alimfuata mpaka nyuma, kwenye kibanda cha jiko.

"Fundi! Unanikimbia?"

"Si we, tata Swedi. Ule mama ni mukwe yangu."

"Aa." Swedi alikuwa amekulia kati ya Waluba, akaelewa, akapunguza sauti. Lakini hakuipunguza sana. "Basi ule mukwe yako alilala mu barabara sababu ya chuma yako. Nilimuchukua Likasi muzuri, na unga yangu nyuma. Kufika Fungurume, paa! Turbo inalala ubavu. Tumekuja mwendo ya konokono. Ku soko banasemaka nini, unajua? Banasema Swedi alipatia injini yake muntu ya kuchomelea bomba ya matope."

Jirani mmoja alicheka nyuma ya ua. Badibanga alisikia.

"Nilikuambia mbele ya bantu," Swedi akaendelea. "Kolektere ikienda Likasi na kurudi, mizigo mugongoni, isipasuke, hangari ya mu parsele yangu, kile kiwanja ya Manika, ni yako ya kufanyia kazi, na bile bichumba bibili ya nyuma ulale na famille yako. Neno yangu iko pale pale. Lakini hii ya ine njo ya mwisho. Ikipasuka, naita Mureno ya garage ya ville, na bichumba nitampa muntu yake. Nisamehe, fundi. Mi pia niko na batoto."

Akamwachia pikapu, akaondoka kwa miguu.

* * *

Kesho yake asubuhi alikuja karani wa nyumba. Alikuwa kijana wa suti ya mikono mifupi, amebana karatasi kwapani, na alihesabu. Alihesabu balbu, akahesabu bawaba za milango, akahesabu vioo. Akamwambia Mianda atoe sufuria zake kwenye rafu ya ukutani, kwa sababu rafu nayo imo kwenye orodha.

"Citoyenne, hii robinet ya maji inavuja. Ilivuja tangu lini?"

"Tangu batoto yangu bazaliwe," Mianda akajibu. "Andika vile."

Kijana aliandika. Alipofika chumba cha ndani alimkuta Mama Ngalula ameketi kitandani na mafurushi yake, akauliza huyu naye ni nani, hayumo kwenye orodha ya wakaaji.  Karani alipotoka, Mama Ngalula akamwita binti yake, na Mianda ikabidi aseme yote. Aliona aibu kama mtoto aliyevunja mtungi. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza tena kufunga furushi alilokuwa amelifungua nusu.

Badibanga yeye alikuwa chini ya pikapu, anafungua kolektere iliyokufa. Aliitoa, akaiweka juu ya gunia, akaizunguka. Alikuwa na hasira nayo. Chuma kilikuwa cha bomba la mvuke, kinene kama kidole. Turbo alikuwa ameishika kwa vishikizo vinne, kimoja kwenye injini, kimoja kwenye sanduku la gia, viwili kwenye chasi, vyote na boliti kubwa. Hakuna kitu pale kilichokuwa kinatikisika. Na bado ilikuwa imechanika kando ya mguu wa nne, mdomo wazi.

Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Kwa miaka kumi na tisa alichomelea mabomba yanayosukuma matope ya mgodi kwenda bwawa la Kingamyambo. Bomba la matope hupiga teke. Usipolifunga kila hatua tatu, litaruka usiku na mchana mpaka liue mtu. Bomba lisilofungwa linakimbia, ndivyo wakubwa wake walivyosema, na yeye aliwarudishia wadogo neno hilo hilo. Alikuwa amekwisha chora kwa chaki kolektere ya nne: bomba nene zaidi, vishikizo sita.

Mianda akaja kusimama juu yake.

"Tata Tshibola," akasema, maana Tshibola ndiye binti yao wa kwanza. "Ile ya kwanza ulishikilisha na vyuma ngapi?"

"Moja."

"Ilienda safari sita. Ya pili?"

"Mbili."

"Safari ine. Na hii ulitia ine, haikumaliza ata safari moja. Sasa unataka kutia sita. Mi sikusoma, lakini mbona unafunga sana, inapasuka mbio?"

"Ni bagetti, hizi fito ya kuchomelea. Siku hizi banauzisha bagetti mubaya. Zinanyonya maji."

"Aya, bagetti." Mianda akavuta pumzi. "Mama iko anasema alisikia wakati inapasuka. Anasema haikupasuka mu mulima."

"Mama anajua nini ya injini?"

Neno lilimtoka tu. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, na aliyekuwa nyuma ya dirisha hakuwa kiziwi. Badibanga akafunika mdomo kwa kiganja cheusi. Kumtazama mama mkwe ni kosa, sembuse kumtukana.

 Wakasikia mafundo ya furushi yakikazwa ndani.

* * *

Siku nzima Badibanga hakufanya kazi. Alikata bomba, akalitupa. Alikwenda kununua bagetti nyingine, akazipasha moto zikauke, akazitazama, akaziacha. Alizunguka ua mpaka kuku wakamchoka. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Mwishowe alimtuma Mianda dukani akaleta kitenge kipya, cha zambarau, akampa.

"Mupelekee. Umuambie mukwe yake ni mujinga. Umuambie naomba anielezeeko ile alisikia."

Mianda akaingia. Akakaa muda ambao Badibanga aliuona mrefu kama kiangazi. Akatoka na kigoda, akakiweka kizingitini, katikati ya mama yake aliye ndani na mume wake aliye nje amegeukia ukuta.

"Anasema uulize."

"Muulize: ilipasuka wakati inapanda ao wakati inashuka?"

"Mama, anauliza ilipasuka wakati inapanda ao inashuka?"

"Nimesikia," ilisema sauti ya ndani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. "Muambie haikupasuka yoyote. Ilipasuka wakati imesimama."

"Anasema ilipasuka wakati imesimama."

Badibanga aligeuza kichwa nusu, akakumbuka, akakirudisha ukutani. "Imesimama? Injini imezimwa?"

"Mama, injini imezimwa?"

"Imezimwa. Kupanda ilikuwa inaimba muzuri, nilisinzia ata. Lakini kila mara ule tata anasimama kununua makaa, ao kutia maji, chuma inaanza kulia. Ta... ta... ta... Kama chungu ile unatoa mu moto unaweka ku baridi. Mara ya kwanza inalia kidogo. Mara ya pili inalia mingi. Nikamuambia, tata, chuma yako inaumia. Akacheka. Mara ya tatu, pale Fungurume, tulikaa tukakula mihogo. Ikalia, ikalia, kisha paa! Ule alikuwa hajaanzisha motere. Alipoanzisha, njo makelele ikatoka."

Mianda akavuta pumzi ili ayarudie yote.

"Nimesikia," akasema Badibanga.

"Hapana, ngoja nirudilie. Si munasema mi ni telefone yenu?"

Ndani, mama mzee alicheka. Badibanga hakucheka. Alikuwa ametazama ukuta wa matofali kama mtu anayesoma barua.

"Mama Tshibola. Washa babula."

Mianda akawasha jiko la makaa. Badibanga akachukua mguu mmoja wa kolektere, akaulaza kwenye saruji ya kibarazani, akapiga alama kwa msumari kwenye ncha zote mbili. Kisha akauingiza katika makaa, akapepea mpaka ukawa mwekundu, akaurudisha kwenye alama zake kwa koleo. Mguu ulikuwa umezipita. Alichukua njiti ya kiberiti akapima: unene wa njiti nzima. Wakakaa wote wawili kuutazama ukipoa, na chuma kikarudi polepole, kikarudi, mpaka kikalala tena kati ya alama.

Bomba la matope halikuwahi kuwaka moto. Lilikuwa baridi miaka yote kumi na tisa. Hili la Swedi linakua likiwaka na kurudi likipoa, na yeye alikuwa amelishika pande nne likose pa kwenda. Likikosa pa kwenda linajichana. Aliona haya, haya ya kweli, iliyompanda masikioni. Kolektere tatu aliziua kwa mikono yake mwenyewe akidhani anazilinda.

"Umuambie mama asifunge tena furushi," akasema, akaufuta mchoro wake wa chaki. 

* * *

Alifanya kazi siku tano. Bomba lilibaki lile nene, lakini miguu hakuiunganisha moja kwa moja. Kila miwili aliikata katikati, akaingiza bomba ndani ya bomba, nafasi ndogo ya kuteleza, ili mmoja ukikua usiusukume wa pili. Vishikizo vyote akavikata. Mkono ulimkataa kidogo. Chuma kilichofunguliwa kilimtia hofu, kama mlango ulioachwa wazi. Akaining'iniza turbo kwa ukanda mmoja wa chuma chembamba unaoweza kupinda, na tundu la boliti akalifanya refu. Ukiishika kwa mkono, turbo ilicheza. Jirani aliyekuwa akicheka nyuma ya ua alikuja kuitikisa, akacheka tena.

"Ya tatu ulifunga ikapasuka. Hii haukufunga, si itaanguka njiani?"

 Badibanga alipomaliza kuchomelea, aliifungua tena kolektere, akaichoma nzima katika makaa mpaka ikawa nyekundu yote, kisha akaizika ndani ya majivu ipoe bila kuona upepo. Makaa ya nyumba yaliisha humo. Siku mbili walikula karanga na mihogo mibichi, na mama mkwe akala vile vile, bila kunung'unika, kitenge kipya kiunoni.

Siku ya safari Swedi alipakia masanduku kumi ya samaki na barafu. Akamtazama Badibanga, akatazama dirisha la nyumba.

"Mama njo alisikia mara ile. Mi masikio yangu ilikufa na motere. Mama apande ku cabine, asikilize tena."

Cabine ilikuwa na nafasi ya watu watatu. Lakini mtu na mama mkwe wake hawawezi kugusana mabega kilomita mia na themanini. Kwa hiyo mama alikaa mbele kama mke wa mkuu wa zone, na fundi, mwenye kazi yake, akapanda nyuma juu ya samaki, akageuza mgongo kwenye kioo.

Hakusikia chochote ila upepo. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Maji ya barafu yalimlowesha suruali, vumbi likamjaa kinywani, na kila gari liliporuka shimo aliona turbo ile inayocheza ikianguka barabarani. Pikapu ilipanda Fungurume bila kupunguza gia, ikayapita malori mawili, na madereva wake wakatoa vichwa nje kushangaa. Hakufurahi. Kupanda hakukuwa shida. Waliposimama kutia maji, injini ikazimwa, na yeye akakaza macho kwenye barabara walikotoka, akihesabu pumzi.  Hakuweza kugeuka kuwauliza wa mbele. Swedi akawasha, wakaenda.

Likasi samaki walinunuliwa wangali na barafu. Walipakia unga, wakala mkate wamesimama, wakarudi. Wakasimama mara nne. Mara zote nne alikuwa akingoja lile paa, na mara zote nne aliushika ubao wa pikapu mpaka vidole vikauma. Alimchukia Swedi kwa kusimama mara nyingi. Akajua pia kwamba Swedi anafanya haki.

* * *

Waliingia parsele ya Swedi ya Manika jua lingali juu. Mianda alikuwa pale anangoja, na watoto, na meza, na magodoro mawili yamefungwa kamba. Alikuwa amehama bila kuambiwa. Karani alikuwa amempa risiti ya ufunguo aliourudisha. Badibanga alipoyaona magodoro alitaka kulia: kama chuma kikilia sasa, watalala wapi?

Swedi akazima injini, akafungua boneti. Wapakuaji wakashusha unga, wakaacha sanduku moja tupu la samaki. Badibanga alishuka, akasimama nyuma ya pikapu, uso kwenye ukuta wa vile vyumba viwili. Vilikuwa vyumba vidogo, vina mlango mmoja tu, na ukitaka cha ndani sharti upitie cha nje.

Mama Ngalula alishuka polepole. Akaenda kusimama mbele ya injini, karibu, mikono nyuma.  Joto lilipanda usoni pake. Akangoja. Swedi akataka kusema kitu, yeye akainua kidole. Akangoja mpaka akaweza kuweka kiganja kwenye chuma, akakiacha hapo.

"Mama, inasema nini?" Swedi akauliza.

 Mama Ngalula alitembea mpaka nyuma ya pikapu, mgongoni mwa mkwe wake, akaliangalia lile sanduku tupu.

"We sanduku ya samaki," akaliambia. "Sema na ule mwanaume mwenye kugeuka ku ukuta. Umuambie chuma yake inalala. Ililia kidogo kwanza, sasa inalala kama mutoto ameshiba."

Mabega ya Badibanga yalianza kutikisika.

"Na umuambie tena," akaendelea mama, sauti ile ile. "Miguu yangu imechoka, sirudi Likasi. Lakini bichumba bibili, mulango moja, mi na yee hatuwezi. Kama anajua kuachia chuma nafasi, aniachie na mi. Mulango yangu, upande ya kule."

Badibanga alipangusa pua kwa mkono wenye vumbi, ikawa tope. Hakugeuka.

"Sanduku," akasema. "Umuambie mama, leo atalala na mulango yake."

Akaokota nyundo na patasi kwenye mizigo ya Mianda, akazunguka upande wa pili wa nyumba, na tofali la kwanza likaanguka. Swedi alifungua kinywa, maana ukuta ulikuwa wake, na vyumba alikuwa hajatamka bado kwamba amevitoa. Akakifunga. Kisha naye akazunguka, akauliza mlango uwe na upana gani.